Je, chai na vinywaji vingine vinahesabiwa katika maji ya siku?

Kitindamimba:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa mawazo, hasa kutoka kwa wenye ujuzi wa afya na lishe, kwa sababu jambo hili limetuletea mvutano nyumbani na sioni litakavyokwisha kama hatukupata maelezo ya mtu anayelifahamu.

Mama yetu ana umri wa miaka 73. Tangu nipate akili sijamwona akifurahia maji matupu. Ukimwekea glasi ya maji mezani ataonja kidogo ili asikuvunje moyo, kisha jioni utaikuta karibu imejaa. Chai haikatai. Hunywa vikombe vinne au vitano kwa siku, vingine vya maziwa na vingine vya rangi, na chakula chake cha mchana lazima kiambatane na supu au mchuzi. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayeishi naye, anashikilia kwamba chai hukausha mwili, kwamba kila kikombe cha chai hudai glasi mbili za maji kukifidia, na kwamba kila binadamu hana budi kunywa glasi nane za maji matupu kwa siku. Kwa hesabu hiyo mama anaishi bila maji kabisa. Sasa dada ameamua kumnyima chai kuanzia saa sita mchana, na kilichotokea ni kwamba mama hanywi chai wala maji hadi anapolala. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Naomba kujua: je, maji yaliyomo katika chai, maziwa, supu na matunda yanahesabiwa katika mahitaji ya mwili ya siku? Je, ni kweli kwamba chai hutoa maji mengi kuliko inayoyaingiza? Na hizo glasi nane zimetoka wapi?

Mwalimu wa Baiolojia:

Ndugu Kitindamimba, pole kwa mvutano huo, na hongera kwa kuuliza kabla hamjakoseana adabu. Chai inahesabiwa. Supu inahesabiwa, maziwa yanahesabiwa, na tunda la maji kama tikiti linahesabiwa. Maji yakishafika kwenye utumbo mdogo hunyonywa na kuingia katika damu, yawe yameingia mwilini kwa glasi, kwa kikombe au kwa kijiko.

Dada yako hakuzua jambo lake, kwa hiyo nisingependa mumbeze. Chai ina kafeini, na kafeini kweli huongeza mkojo. Figo huchuja damu mchana kutwa, kisha hurudisha mwilini sehemu kubwa sana ya maji na chumvi zilizochujwa. Kafeini huziba vipokezi vya kemikali iitwayo adenosini, na kwa sababu hiyo figo hurudisha sodiamu (madini yaliyomo katika chumvi) kidogo kuliko kawaida. Sodiamu inayoachwa huondoka pamoja na maji. Mpaka hapo dada yuko sahihi. Panapohitaji kuangaliwa ni kiasi. Tafiti zilizokusanywa na kulinganishwa zilionyesha kwamba ongezeko la mkojo linaloonekana wazi huja mtu anapomeza miligramu 250 hadi 300 za kafeini kwa mkupuo, na hasa mtu aliyekaa siku nyingi bila kuigusa. Kiasi hicho ni sawa na vikombe vitano hadi vinane vya chai vinywewe kwa pamoja. Mwili wa mtu anayekunywa chai kila siku huizoea kafeini, na athari hiyo hupungua sana. Mama yenu, kwa maelezo yako, ameizoea kwa miaka mingi, na vikombe vyake vimetawanyika kutwa nzima.

Jambo hili limepimwa pia kwa chai yenyewe. Katika jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2011, wanaume 21 walikunywa vikombe vinne au sita vya chai, kila kimoja mililita 240, katika muda wa saa 12, na siku nyingine wakanywa kiasi hichohicho cha maji yaliyochemshwa. Damu yao na mkojo wao vilipimwa, na haikuonekana tofauti ya maana kati ya siku ya chai na siku ya maji. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walifanya jambo linalofanana na hilo kwa kahawa, ambayo ina kafeini nyingi kuliko chai: wanaume 50 waliozoea kahawa walikunywa vikombe vinne kwa siku kwa siku tatu, kisha wakanywa maji kwa siku tatu nyingine, na maji ya mwilini yakabaki katika kiwango kilekile. Kwa hiyo ile fidia ya glasi mbili kwa kila kikombe haina msingi.

Kuhusu glasi nane, asili inayotajwa mara nyingi ni mapendekezo ya Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ya mwaka 1945, yaliyosema kwamba mtu mzima anahitaji takriban lita mbili na nusu za maji kwa siku. Palepale pia palielezwa kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo katika chakula kilichoandaliwa. Watu waliibeba sentensi ya kwanza wakayaacha maelezo hayo. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo na profesa wa Marekani, aliutafuta ushahidi wa kisayansi wa amri ya glasi nane na hakuupata.

Mapendekezo ya sasa huzungumzia maji yote kwa jumla, yaani maji matupu, vinywaji vingine na chakula. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja mwaka 2010 lita 2.0 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, kwa hali ya hewa ya wastani na kazi zisizo nzito. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitaja mwaka 2004 lita 2.7 na lita 3.7, ikaeleza kwamba takriban asilimia 80 hutokana na vinywaji vya aina zote na asilimia 20 hutokana na chakula. Chukua kiwango cha Ulaya cha mwanamke, toa sehemu ya chakula, utabaki na lita 1.6 za vinywaji, ambazo ni vikombe vinane vya mililita 200. Namba ya dada, basi, haiko mbali na ukweli, ila vikombe vitano kati ya hivyo vinane mama amekwisha kuvinywa.

Mpenda Maji:

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu, lakini naomba nitofautiane naye kidogo. Mimi nikinywa vikombe viwili vya chai asubuhi, kabla saa haijaisha nimekwenda haja ndogo, na wakati mwingine narudi tena. Nikinywa maji kidogokidogo kazini, hali hiyo siioni. Mtu anaweza kunisomea tafiti nyingi, lakini mwili wangu naujua. Kwa maoni yangu, kipimo cha uhakika ambacho kila mtu anacho ni rangi ya mkojo wake: ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza maji, na yawe maji matupu. Namshauri ndugu yetu amwangalizie mama yake rangi hiyo badala ya kuhesabu vikombe.

Mwalimu wa Baiolojia:

Ndugu Mpenda Maji, unachokiona ni cha kweli, ila nadhani chanzo chake ni kasi ya kunywa. Vikombe viwili vya chai kwa mkupuo ni karibu nusu lita. Kunywa nusu lita ya maji matupu kwa muda huohuo nawe utakwenda haja vilevile, kwa sababu figo huona damu imekuwa nyepesi ghafla na huondoa ziada. Hayo unayoyanywa kidogokidogo kazini yanapata nafasi ya kutumika.

Kuna jaribio la mwaka 2016 lililolijibu swali hili moja kwa moja. Wanaume 72 walipewa lita moja ya kinywaji waimalize ndani ya nusu saa, kisha mkojo wao ukapimwa kwa saa nne. Chai, kahawa, soda ya kola na hata bia nyepesi havikutofautiana na maji. Vilivyokaa mwilini kwa muda mrefu kuliko maji ni maziwa na maji ya ORS, yaani yale ya chumvi na sukari anayopewa mtu anayeharisha. Maziwa yana protini, mafuta na sukari yake ya asili, ambavyo huyafanya yatoke tumboni polepole, na yana sodiamu na potasiamu zinazosaidia kuyashikilia maji. Kile kikombe cha chai ya maziwa cha mama, ambacho dada anakiona adui, huenda kikamfaa kuliko glasi ya maji ambayo hatainywa.

Muuguzi wa Zamu:

Nimefanya kazi wodini kwa muda mrefu, na ningependa kueleza jinsi sisi tunavyohesabu. Mgonjwa ambaye maji yake yanafuatiliwa huwa na karatasi yenye safu mbili, ya yanayoingia na ya yanayotoka. Asubuhi akinywa chai, naandika chai mililita 150. Akinywa uji, naandika uji mililita 200. Dripu naiandika, maji ya kumezea dawa nayaandika, hata vipande vya barafu alivyomung'unya naviandika. Vyote vinaingia safu moja na vinajumlishwa pamoja jioni. Sijawahi kuona karatasi yenye safu ya kutoa chai.

Na jambo hili lina uzito mkubwa kwa wagonjwa wa moyo uliodhoofika na wale ambao figo zimeshindwa kazi. Daktari akimwambia mgonjwa kwamba asizidishe lita moja na nusu kwa siku, kikomo hicho ni cha vinywaji vyote. Nimewaona ndugu wa wagonjwa wakileta chupa ya chai na bakuli la supu, wakiamini kwamba hayo si maji, na mgonjwa anaamka akiwa amevimba miguu na anahema kwa shida. Anayesema kwamba chai haihesabiwi humdhuru mtu kwa pande zote mbili: mwenye afya anabebeshwa mzigo usio wake, na mgonjwa anazidishiwa bila kujua.

Sasa nirudi kwa mama. Mzee hana kengele ya kiu aliyokuwa nayo ujanani. Kwa kijana, chumvi ya damu ikizidi kidogo tu, ubongo humtuma atafute maji. Kwa mzee ujumbe huo huja umechelewa na umefifia, na figo zake pia haziwezi kuhifadhi maji kama zamani. Ndiyo maana kumngoja mzee aseme ana kiu ni hatari, na ndiyo maana kumnyima kinywaji anachokipenda ni hatari zaidi. Mwongozo wa ESPEN, jumuiya ya wataalamu wa lishe ya tiba barani Ulaya, unapendekeza kwamba wanawake wazee wapatiwe vinywaji visivyopungua lita 1.6 kwa siku na wanaume wazee lita 2.0, na unaihesabu chai na kahawa miongoni mwa vinywaji hivyo.

Ndugu Mpenda Maji, ushauri wako wa rangi ya mkojo unaweza kumfaa kijana mwenye afya, lakini mwongozo huohuo unakataza kuutegemea kwa wazee, pamoja na kile kipimo cha kufinya ngozi na kile cha kuangalia ukavu wa mdomo. Figo ya mzee inaweza kutoa mkojo mweupe wakati damu yake imekauka, na dawa na vitamini nazo hubadilisha rangi. Anayetaka uhakika kwa mzee apimiwe damu.

Dada mkubwa anahangaika kwa mapenzi, na mapenzi hayo hayafai kupotea. Mwombeni arudishe chai ya mchana leo hii, kisha aongeze kidogo mahali ambapo mama hatahisi analazimishwa: glasi kamili ya maji badala ya funda moja wakati wa kumeza dawa, supu yenye maji mengi kidogo, kipande cha tikiti au chungwa baada ya chakula. Chukueni pia kikombe chake anachokitumia, mkijaze maji hadi pale chai inapofika siku zote, myamimine kwenye chombo chenye alama za mililita. Vikombe hutofautiana sana. Kimoja huingia mililita 150 na kingine 300, na mkihesabu vikombe bila kujua ujazo wake mtajidanganya.

Kitindamimba:

Ahsanteni sana, na hasa wewe Muuguzi. Nimempigia dada simu nikamsomea uliyoyaandika, na kikombe tumekipima: kinaingia mililita 220. Vikombe vitano vinazidi lita moja, na supu haijaingia. Dada amekubali kuirudisha chai ya mchana, lakini ameuliza mambo mawili ambayo naona ana haki kuyauliza. Mama hutia vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe. Pia kliniki walimwambia ana upungufu wa damu, wakampa vidonge vya madini ya chuma, na yeye huvimeza kwa chai hiyohiyo ya asubuhi. Je, kuna madhara?

Afisa Lishe:

Shikamoo kwa mama, na mwambieni dada kwamba maswali yake yamegusa penyewe. Chai kama maji haina tatizo. Tunapaswa kujali kilichoandamana nayo na saa inayonywewa.

Nianze na vidonge, kwa sababu hapo kuna la kurekebisha leo. Chai ina tanini na kemikali nyingine za jamii hiyo, ambazo hushikana na madini ya chuma tumboni, yakapita bila kunyonywa. Athari hiyo ni kubwa, na maziwa huongeza kikwazo kingine kwa sababu ya kalsiamu yake. Mama anameza dawa ya damu na kinywaji kinachoizuia kwa pamoja. Vidonge avimeze kwa maji, au kwa maji ya chungwa ambayo vitamini C yake husaidia chuma kunyonywa, na chai aisogeze mbele kwa saa moja au mbili. Utaratibu huohuo ufuatwe kwenye milo: chai anywe kati ya mlo na mlo, isiwe ya kuteremshia chakula, kwa kuwa chuma cha maharage na mboga za majani ndicho kinachoathirika zaidi. Tena mtambue kwamba upungufu wa damu kwa mtu wa umri huo hauji bila sababu. Kama kliniki haikutafuta chanzo, rudini mkaulize.

Kuhusu sukari, kijiko kidogo kilichosawazishwa kina takriban gramu nne. Vijiko vitatu kwa vikombe vitano ni gramu 60 kwa siku, kabla hajala kitu kingine chochote kitamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nguvu za chakula cha siku, ambayo ni gramu 50 kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, na lingependa ishuke hadi nusu ya hapo. Mama amekwisha kuvuka kiwango cha juu kwa chai peke yake. Msimkate vijiko vyote kwa siku moja, kwa sababu ataiacha chai na mtarudi mlikotoka. Punguzeni nusu kijiko, mkae hapo mpaka ulimi uzoee, kisha mpunguze tena. Tangawizi, mdalasini au iliki husaidia sana katika kipindi hicho, kwani harufu hufidia sehemu ya utamu.

Mengine ni madogo. Chai ya jioni iwe hafifu ili usingizi usiharibike. Na asiinywe ikiwa bado inaunguza: mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ya umio, na kinachotuhumiwa hapo ni joto, chai yenyewe haimo.

Mpenda Maji:

Nimeridhika kuhusu chai. Lakini kwa hoja hiyohiyo, je, mtu anayeshindia soda, au vinywaji vya kuongeza nguvu, naye tumhesabie kwamba amekunywa maji? Na pombe?

Afisa Lishe:

Soda inahesabiwa kama maji na inahesabiwa kama sukari pia. Kopo la mililita 330 huwa na gramu 35 hivi, kwa hiyo makopo mawili yameshapita kiwango cha siku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari ya namna hiyo na kafeini nyingi. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito asizidishe 200, kutoka vyanzo vyote kwa pamoja. Pombe ni habari nyingine, kwa kuwa huzuia homoni inayoiagiza figo kuhifadhi maji. Bia nyepesi ina maji mengi kiasi kwamba hasara hiyo haionekani sana, lakini pombe kali huingiza maji machache na kutoa mengi. Sitaiweka pombe katika hesabu ya maji ya mtu yeyote.

Kwa mtu asiyekuwa na tatizo na maji, maji safi yanabaki kuwa chaguo la kwanza: hayana sukari, hayana kafeini, hayazuii dawa. Na watoto wachanga chini ya miezi sita wasipewe chai wala maji. Maziwa ya mama yanawatosha, kwani asilimia 87 hivi ya maziwa hayo ni maji.

Muuguzi wa Zamu:

Naomba niongeze jambo moja kwa Kitindamimba, maana sikuliona katika maelezo yake. Angalieni kama miongoni mwa dawa za mama kuna vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo. Wazee wengi huandikiwa. Kama vipo, msibadilishe kiasi cha vinywaji vyake, kwa kuongeza wala kupunguza, kabla ya kuzungumza na daktari aliyemwandikia, na mumweleze kwa mililita kama mlivyopima.

Na siku akiharisha au akitapika, chai na supu hazitoshi. Siku hiyo apewe maji ya ORS yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogokidogo na mara kwa mara. Mkiona amechanganyikiwa kuliko kawaida yake, anasinzia mchana bila sababu, anapata kizunguzungu akisimama, au amekaa muda mrefu bila kukojoa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.